Kahawa tungu ya Buxton: Ni buni gani iliyomo ndani ya dele?

KILA jua linapokaribia kuchwa, na magari yaendayo Daraja la Nyali yanapoanza kufanya msongamano, wauzaji wa kahawa tungu hujitokeza katika eneo la Buxton, kisiwani Mombasa. Mkono mmoja hushika dele la shaba lenye makaa chini yake. Mkono wa pili hushika vikombe vidogo vinavyogonganishwa ili mlio wake umfikie mteja kabla muuzaji mwenyewe hajafika. Nyumba kuukuu za baraza la mji zilizokuwa hapo zilianza kubomolewa mwaka 2021, na mahali pake pakainuka maghorofa ya Buxton Point. Dele, hata hivyo, halikuhama.

Mwulize mnywaji hiyo ni kahawa ya aina gani, naye atakujibu kuwa ni kahawa tungu. Jibu hilo ni sahihi, ila linataja namna ya kupika tu. Ukiendelea mbele hadi Marikiti, ambako buni huuzwa kwa kupimwa, utapewa majibu mengi zaidi: hii ni AA, ile ni robusta, ile pale ni ya Uganda, na ile iliyo rahisi kule pembeni ni mbuni. Mnunuzi hudhani ameorodheshewa aina nne za kahawa. La hasha. Ametajiwa kipimo cha chekeche, jina la mmea, jina la nchi na namna ya kukausha tunda. Ni kama kumwuliza mtu kabila lake naye akakutajia nambari ya kiatu chake.

Mkanganyiko huu una gharama yake. Mnamo Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola nne kwa ratili moja, kiwango ambacho soko hilo halikuwa limewahi kukiona, baada ya ukame kuharibu mazao nchini Brazil. Robusta, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kahawa ya wanyonge, nayo ilikuwa imepita dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Bei zikiwa hivyo, muuza kahawa mwenye mtaji wa dele moja hana budi kujua analipia nini anapolipia jina. Na mkulima wa Nyeri au Kirinyaga, ambaye malipo yake hutegemea majina hayo hayo, ana sababu kubwa zaidi.

Spishi mbili zinazotawala soko

Buni ni mbegu ya tunda la mti uitwao mbuni. Tunda likiwiva huwa jekundu, au la manjano kwa baadhi ya mibuni, na ndani yake mna punje mbili zilizoelekezana kwa upande ulio bapa. Wataalamu wa mimea wameorodhesha zaidi ya spishi 120 za mibuni, nyingi zikiwa za Afrika na Madagaska. Hata hivyo, karibu kahawa yote inayouzwa duniani hutoka kwa spishi mbili tu: arabika na robusta.

Jina la arabika linapotosha. Bara Arabu lilikuwa njia, wala si chimbuko. Mmea huo ni wa misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, na mingine ya mwituni imeonekana katika uwanda wa Boma nchini Sudan Kusini. Wayemeni ndio walioulima kwa biashara na kuusafirisha kupitia bandari ya Mocha, na ndio waliotuachia maneno tunayoyatumia hadi leo, kahawa na buni, yote mawili yakiwa ya asili ya Kiarabu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa robusta ni mzazi wa arabika. Zamani za kale, kabla ya binadamu kuanza kulima chochote, mbuni wa robusta ulichavushana na mbuni mwingine mdogo uitwao eugenioides, ambao bado humea katika misitu ya Afrika Mashariki. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2024 unakadiria kuwa tukio hilo lilitokea yapata miaka 600,000 iliyopita. Mtoto aliyezaliwa alirithi kromosomu zote za wazazi wake, ndiyo maana arabika ina kromosomu 44 ilhali robusta ina 22.

Urithi huo ulikuja na kasoro. Arabika hujichavusha yenyewe, na kwa kuwa nasaba yake ilianza kwa mimea michache mno, mibuni yake inafanana sana kwa ndani. Ugonjwa unaoweza kuuangusha mti mmoja una uwezo wa kuangusha shamba zima. Robusta haiwezi kujichavusha. Lazima ipate mbelewele za mti mwingine, na kwa hivyo hakuna miti miwili iliyo sawasawa kabisa. Ndipo ikawa ngumu kushindwa na maradhi.

Tofauti nyingine huonekana shambani na kikombeni. Arabika hupenda baridi ya wastani, katika miinuko ya kati ya mita 1,000 na 2,000 hivi, mathalani kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Kilimanjaro na Elgon. Robusta huvumilia joto na nchi tambarare. Kafeini ya arabika ni takriban asilimia 1.2 ya uzito wa buni. Ya robusta hukaribia maradufu, na kafeini ni dawa ambayo mmea hujilinda nayo dhidi ya wadudu. Arabika ina sukari nyingi zaidi, ina uchachu mtamu na harufu inayoweza kukumbusha matunda au maua. Robusta ni chungu, nzito, na hufanya povu jingi. Ndiyo maana viwanda vya kahawa ya unga inayoyeyuka huitegemea, na Waitaliano huichanganya katika espresso zao bila ya kuona haya.

Nimekutana na watu wa Pwani wanaoidharau robusta kana kwamba ni bidhaa bandia. Waulizwe Wahaya wa Bukoba. Kabla ya mkoloni au mmisheni kukanyaga ufuo wa Ziwa Viktoria, watu wa Kagera na Buganda walikuwa wakiijua kahawa hiyo vizuri. Hawakuinywa, waliitafuna. Matunda mabichi yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha akakaribishwa nayo mgeni kama vile Mswahili anavyomkaribisha mgeni kwa tambuu. Huko Buganda, wawili waliotaka kuchanjiana udugu waligawana punje mbili za tunda moja, kila punje ikiwa imepakwa damu ya mwenziwe. Sijui heshima nyingine ya kahawa inayoipita hiyo.

Jina lenyewe, robusta, lilikuja baadaye. Lilienezwa na wauza miche wa Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, waliotoa mbegu Kongo na kuzipeleka hadi kisiwa cha Java. Wakati huo kutu ya majani ilikuwa imekwisha kuangamiza mashamba ya arabika ya Ceylon, ambako iliripotiwa mwaka 1869, na wakulima wa huko wakageukia chai. Mbuni wenye nguvu ulitafutwa kwa udi na uvumba. Leo Vietnam ndiyo mzalishaji mkuu wa robusta duniani, na barani Afrika ni Uganda, ambayo sehemu kubwa ya kahawa yake hupitia bandari ya Mombasa ikielekea ng'ambo. Kenya, kwa upande wake, hulima arabika karibu tupu. Robusta yake ni kidogo mno.

Ipo pia liberika, ya Afrika Magharibi, yenye miti mirefu na buni kubwa, inayonywewa zaidi Ufilipino na Malaysia. Msomaji wa Mombasa hana haja ya kuitafuta Marikiti.

Mbegu zilizopitia Bura

Mtu akisema kahawa ya Kenya ni arabika, bado hajasema mengi. Ndani ya arabika mna mbegu nyingi, kama vile ndani ya embe mna ngowe, boribo na dodo. Na hapa Mkoa wa Pwani wa zamani una sehemu yake katika historia, ingawa ni nadra kutajwa.

Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa na misheni Bagamoyo tangu mwaka 1868. Walileta mbegu za kahawa kutoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, na ambacho nacho kilikuwa kimepata mibuni yake kutoka Yemeni katika karne ya 18. Mwaka 1893 kahawa ilipandwa katika misheni yao ya Bura, kwenye Milima ya Taita. Kutoka huko ilipelekwa katika misheni ya St Austin, karibu na Nairobi, mwishoni mwa karne ya 19. Mibuni ya masetla wengi ilitokana na ile, na hadi leo wataalamu huiita mbegu ya Misheni ya Kifaransa. Kwa maneno mengine, kahawa ilifika Taita kabla ya kufika Kiambu.

Baadaye serikali ya kikoloni ilianzisha Maabara za Kilimo za Scott huko Kabete. Kati ya mwaka 1935 na 1939 watafiti wake walichagua mibuni 42 iliyoonyesha sifa njema, kila mmoja ukapewa herufi SL, yaani ufupisho wa jina la maabara, na nambari yake. Wa 28 ulitokana na mbegu zilizokusanywa mwaka 1931 upande wa Monduli, Tanganyika, kwa sababu ya kustahimili ukame. Wa 34 ulichaguliwa katika shamba la Loresho, Kabete. Hizo ndizo SL28 na SL34, mbegu zilizoipa kahawa ya Kenya sifa yake kote duniani: uchachu mkali unaofanana na wa zabibu nyeusi, na utamu unaobaki mdomoni kwa muda mrefu. Mbegu nyingine, K7, ilitoka Muhoroni na hufaa maeneo yaliyo chini zaidi.

Sifa hizo hazikuwa na kinga. Ugonjwa wa chulebuni, ambao ni ukungu unaoozesha tunda likiwa bado bichi, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1922. Mwaka 1968, baada ya mvua nyingi, ulizuka kwa nguvu hata ukateketeza karibu nusu ya mazao ya nchi. Mkulima wa SL28 alijikuta akinunua dawa mara kwa mara katika msimu mmoja, na gharama hiyo ikala faida yake.

Kituo cha utafiti cha Ruiru kilijibu kwa kutoa Ruiru 11 mwaka 1985. Ni mbuni mfupi, hupandwa kwa kukaribiana, na hustahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani. Kinga yake kwa kiasi fulani ni ya robusta: miongoni mwa mababu zake umo mbuni wa kisiwa cha Timor, ambako katika miaka ya 1920 arabika na robusta zilichavushana zenyewe bila ya mkono wa mtu. Lakini wanunuzi wa ng'ambo walilalamika kuwa kikombe cha Ruiru 11 hakikifikii cha SL28, na wakulima wengi wakasita. Mwaka 2010 ikatolewa Batian, iliyopewa jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Hiyo ni ndefu, huzaa mapema, na wafugaji wake walijitahidi kuirudisha kwenye damu ya SL.

Ubishi kuhusu ladha haujesha, nami naona umemwonea mkulima. Mwonjaji wa London hujadili uchachu. Mwenye ekari moja Murang'a hujadili bei ya dawa. Wapo waliochukua njia ya katikati: hukata mibuni yao ya SL28 na kubandika juu yake vikonyo vya Batian au Ruiru 11, wakabaki na mizizi ya zamani iliyozama chini na matawi mapya yenye kinga. Wapo pia waliokwisha kung'oa. Kenya ilivuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Miaka ya karibuni mavuno yamekuwa yakizunguka tani 50,000. Sababu ni nyingi, kuanzia kuvunjika kwa mgao wa kimataifa wa mauzo mwaka 1989 hadi usimamizi mbaya wa vyama vya ushirika na kupanda kwa bei ya ardhi ya Kiambu. Maradhi yamo katika orodha hiyo.

Afrika Mashariki iliwahi pia kupitisha mikononi mwake hazina bila ya kuitambua. Katika miaka ya 1930 mbegu za mbuni uitwao Gesha zilikusanywa katika misitu ya Ethiopia na kupelekwa kituo cha Lyamungu, Kilimanjaro. Mwaka 1953 zikafikishwa Costa Rica, kisha Panama. Hakuna aliyezijali sana hadi mapema miaka ya 2000, zilipowashangaza waamuzi wa mashindano ya kahawa ya Panama. Tangu hapo zimekuwa miongoni mwa buni ghali kuliko zote duniani.

AA si mbegu

Sasa turudi kwenye gunia la Marikiti. Herufi AA hazitaji mbegu, wala mahali, wala ladha. Kahawa ya Kenya ikisha kukobolewa hupitishwa katika chekeche zenye matundu ya ukubwa tofauti. Buni zinazobaki juu ya chekeche ya matundu ya milimita 7.2 hivi huitwa AA. Zilizo ndogo kidogo kuliko hizo huitwa AB, na ndizo nyingi zaidi. Zilizo kubwa kupita kiasi, ambazo aghalabu ni punje mbili zilizoshikana, hupewa herufi E, kwa kuwa zinafananishwa na ndovu. C ni ndogo. TT ni zile nyepesi zilizopeperushwa na upepo wa mashine, na T ni vipande na vumbi la mwisho.

PB, ambayo wafanyabiashara wengi huiita pibi, ina kisa chake. Mara nyingine tunda hutoa punje moja badala ya mbili. Kwa kuwa haina mwenziwe wa kuisukuma, punje hiyo huwa ya mviringo kama choroko kubwa. Wapo wanaoapa kuwa ni tamu zaidi. Lililo hakika ni kwamba hukaangika sawasawa, kwa kuwa haina upande wa bapa wa kulalia kikaango.

Gunia la AA laweza kuwa la SL28, Ruiru 11, Batian, au mchanganyiko wa zote, maadamu chekeche ndiyo hakimu. Katika mnada wa Nairobi waonjaji hutoa alama zao za ladha kando na herufi hizo, na si ajabu AB ya kiwanda fulani kuipita AA ya kingine kwa bei. Dukani, alama hizo hazifuati gunia. Zinazofuata ni herufi mbili tu, na mnunuzi huzilipia kana kwamba ni cheti cha ubora.

Linabaki neno mbuni. Kwa Mswahili, mbuni ni mti wa kahawa, na buni ni punje zake. Kwa mfanyabiashara wa kahawa wa bara, mbuni ni jina la daraja la chini kuliko yote. Ni matunda yaliyoachwa yakakaukia mtini, yaliyookotwa chini, yaliyoshambuliwa na wadudu au yaliyovunwa mwisho wa msimu, ambayo hayakupelekwa kiwandani kumenywa na kuoshwa. Hukaushwa mazima juani pamoja na nyama yake, kisha hukobolewa na kugawanywa kwa uzito: nzito hupewa herufi MH, nyepesi ML. Bei yake ni ya kusikitisha ukilinganisha na kahawa iliyooshwa.

Neno hilo limetendewa dhuluma. Kukausha tunda zima juani si kosa hata kidogo; ndiyo njia kongwe kuliko zote, na ndiyo njia ya Yemeni hadi leo, nchi isiyo na maji ya kupoteza. Kahawa iliyolitukuza jina la Mocha ilikaushwa juu ya madari ya nyumba ikiwa na nyama yake. Sehemu kubwa ya kahawa ya Brazil na ya Ethiopia hukaushwa vivyo hivyo. Kinachoishusha mbuni ya Kenya ni matunda yanayochaguliwa kwa kazi hiyo, yaani makombo. Mkulima akichuma matunda mabivu na kuyakausha kwa uangalifu, hupata kahawa nzito yenye utamu wa matunda, na wapo wanunuzi wa ng'ambo wanaoitafuta. Yale majahazi yaliyoleta buni za Yemeni Mombasa, kama yangetia nanga leo na kupeleka shehena yao Nairobi, yangeambiwa yamebeba mbuni.

Inayofaa dele

Baada ya hayo yote, mnunuzi wa Buxton anunue nini? Jibu linategemea moto. Kahawa tungu hukaangwa hadi buni ziwe nyeusi na kuanza kutoa mafuta, hutwangwa au kusagwa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu na tangawizi, pengine na iliki au mdalasini. Moto huo hufuta uchachu. Ile ladha ya zabibu nyeusi iliyomgharimu mtafiti wa Kabete miaka kadhaa na mkulima wa Nyeri dawa za misimu yote hupotea ndani ya kikaango kwa dakika chache. Kinachosalia ni uchungu, uzito na harufu ya kuungua, na mambo hayo robusta inayo kwa wingi.

Kwa hivyo, kwa maoni yangu, kuweka AA ndani ya dele ni israfu. AB au C ya arabika, ikichanganywa na robusta nzuri ya Uganda au ya Kagera, hutoa kikombe kizito kisichoshindwa na tangawizi. Mbuni nayo yafaa, ila ichambuliwe kwanza: punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zenye harufu ya ukungu zitolewe kwa mkono kabla ya kukaangwa, kwa maana punje chache mbovu hunuka katika dele zima. Atakaye kuonja sifa ya SL28 na akaange kidogo tu, hadi rangi ya hudhurungi, aisage, aimiminie maji ya moto na kuichuja, bila ya viungo wala kuichemsha. Hapo ndipo bei yake itakapojieleza. Kuchuja kuna faida nyingine kwa wenye lehemu nyingi mwilini: kahawa inayochemshwa bila ya kuchujwa hubaki na mafuta yake, na mafuta hayo huongeza lehemu katika damu.

Njia ya kutambua arabika na robusta zikiwa mbichi haihitaji maabara. Chukua konzi moja na uitazame juani. Arabika ni ndefu kidogo, na ule mfuo wa katikati umepinda kama herufi S. Robusta ni ya mviringo zaidi, na mfuo wake umenyooka. Zikiwa zimechanganywa utaziona zote mbili, na muuzaji akisema ni arabika tupu utakuwa na la kumwuliza. Zikisha kusagwa, mlango huo umefungwa. Kahawa ya unga hupokewa kwa imani.

Kisha kuna hewa ya Mombasa. Buni mbichi huondoka viwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 11 hivi, na hunywa unyevu wa mahali inapowekwa. Kusi likianza kuvuma na mvua za Mei kunyesha, gunia lililolala sakafuni hufura, hupoteza rangi yake ya kijani na kuota ukungu. Katika pwani ya Malabar, India, kuna wafanyabiashara wanaoziacha buni kwa makusudi katika pepo za masika hadi zigeuke rangi na kufifia uchachu, kisha wakaziuza kwa jina la pekee. Lakini hao hufanya hivyo wakizigeuza na kuzipeperusha kwa wiki kadhaa, si kwa kuzisahau stooni. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, wala yasikaribiane na vitunguu, samaki au mafuta ya taa, kwani buni hudaka harufu upesi.

Buni zilizokaangwa hudumisha harufu yake kwa wiki chache. Zilizosagwa huanza kuipoteza siku ile ile. Wazee wa Mji wa Kale walinunua buni mbichi, wakakaanga za kutosha siku mbili tatu na kuzitwanga kinuni alasiri kabla ya baraza kujaa. Muuzaji wa Buxton anayetwanga za jioni moja tu, akalifunika dele lake na kuacha machicha yatulie chini kabla ya kumimina kikombe cha kwanza, huwa anafuata kawaida hiyo hiyo.